Aleji ya chakula huishi tumboni, si kwenye karatasi ya maabara

Mama mmoja, msomaji wa safu hii, alinitumia picha ya karatasi ya majibu ya damu ya mwanawe wa miaka miwili. Juu ya karatasi iliandikwa IgE, na chini yake kulikuwa na orodha ndefu ya vyakula: yai, maziwa ya ng'ombe, karanga, samaki, ngano, soya na vingine. Vyakula saba vilikuwa na alama ya kujumlisha. Aliambiwa mtoto ana aleji ya vyote saba, akaviondoa vyote siku hiyo hiyo. Aliponiandikia ulikuwa mwezi wa tatu mtoto anakula ugali, wali na mboga za majani, na uzito wake umeshuka kwa kilo moja na nusu. Alitaka kujua ampe nini.

Nilimuuliza swali moja: kabla ya kipimo, mtoto alikuwa akila yai? Akasema ndiyo, karibu kila siku, na hakuwahi kuvimba, kutapika wala kutoka mabaka. Karanga je? Zilikuwemo kwenye uji wake wa lishe tangu akiwa na miezi minane. Kilichompeleka maabara ni ngozi kavu inayowasha kwenye viwiko na nyuma ya magoti, ile tunayoiita pumu ya ngozi.

Ndugu msomaji, huyu si mzazi wa kwanza kunijia na karatasi ya namna hiyo. Mtu anaingia maabara, anatoa damu, anaondoka na orodha, na hakuna aliyemuuliza mtoto amekula nini na kikampata nini. Kwa upande mwingine wapo wazazi ambao watoto wao wana aleji ya kweli, ya hatari, na wao huambiwa ni vipele tu, wapewe kidonge na warudi nyumbani. Makosa haya mawili yanaonekana kama yanapingana, lakini yana mzizi mmoja. Hatujaelewa aleji ya chakula hutengenezwa wapi. Nikieleza hilo, naamini mzazi ataona mwenyewe kwa nini karatasi ile haiwezi kuwa hukumu.

Kingamwili inayotafuta ugomvi

Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na seli za kinga, na kila moja ina umbo la kunasa kitu fulani, kama ufunguo na kufuli lake. Zipo aina tano, lakini leo tunahitaji tatu. IgG ndiyo iliyo nyingi kwenye damu, na ndiyo hutulinda baada ya chanjo nyingi. IgA ndiyo mlinzi wa utumbo. Hufunika vijidudu na mabaki ya chakula kimya kimya bila kuleta vurugu. IgE ndiyo iliyo chache kuliko zote, na ndiyo ya aleji.

IgE haifanyi kazi peke yake. Chini ya ngozi, kwenye njia ya hewa na kwenye ukuta wa tumbo na utumbo kuna seli zenye vifuko vilivyojaa kemikali, ziitwazo seli masti. IgE hujichomeka juu ya seli hizi na kusubiri. Mtu mwenye aleji ya karanga akila karanga, protini ya karanga hugusa IgE zilizo jirani, na seli humwaga vifuko vyake vyote kwa mpigo. Kemikali inayojulikana zaidi ni histamini. Ngozi ikipata histamini huwasha na kutoka mabaka, midomo huvimba, utumbo hukakamaa na mtu hutapika. Kemikali hizi zikienea mwili mzima, kifua hubana na shinikizo la damu huanguka. Haya hutokea ndani ya dakika chache, na kwa kawaida hayazidi saa mbili tangu kula.

Jambo la kushika hapa ni kwamba mwili lazima uwe umetengeneza IgE ya chakula hicho kabla, ndipo ugomvi utokee. Kwa hiyo swali linakuja lenyewe: IgE hizo zilitengenezwa wapi?

Miaka mia moja ya kutazama damu

Mwaka 1921 madaktari wawili wa Ujerumani, Carl Prausnitz na Heinz Küstner, walifanya jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa. Küstner alikuwa na aleji ya samaki. Prausnitz hakuwa nayo. Wakachukua majimaji ya damu ya Küstner, wakayadunga kwenye ngozi ya Prausnitz, na siku iliyofuata wakadunga mahali pale pale dondoo la samaki. Ngozi ikavimba. Kitu fulani ndani ya damu ya Küstner kilikuwa kimebeba aleji na kuihamishia kwa mtu mwingine.

Kitu hicho kilikuja kutambuliwa katika miaka ya 1960 na makundi mawili: Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, na Gunnar Johansson na Hans Bennich wa Uppsala, Sweden. Mwaka 1968 kikapewa jina la IgE. Tangu hapo imewezekana kuipima, na kwa kuwa damu ni rahisi kuchukua, imepimwa kwenye damu. Si kosa. Lakini mazoea ya kupima kitu mahali fulani huwafanya watu waamini kwamba kitu hicho huishi hapo.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakiwemo Ramona Hoh na Scott Boyd, walichapisha kazi iliyotazama kwingine. Waliwachukua wagonjwa 19 wenye aleji ya karanga. Pamoja na damu, walichukua vipande vidogo sana vya nyama kutoka kwenye umio, tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba, kwa kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni. Kisha wakasoma vinasaba vya seli zinazotengeneza kingamwili.

Walichokikuta ni kwamba seli za IgE zilikuwa zimejaa zaidi tumboni na kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba. Nazo hazikuwa seli changa zinazopita njia, zilikuwa zimekomaa, zile ambazo kazi yake ni kumwaga kingamwili. Kwa maneno mengine, walikikuta kiwanda, nacho kiko pale pale chakula kinapotua.

Kuna la pili, na kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Kila seli ya kinga ina ukoo wake, na ukoo unasomeka kwenye vinasaba. Watafiti hawa walikuta ndani ya ukoo mmoja seli nyingine zinatengeneza IgE na nyingine zinatengeneza aina tofauti, ikiwemo IgA, yule mlinzi mpole wa utumbo. Dalili ni kwamba seli hizi hubadilisha kazi zikiwa humo humo tumboni. Askari yule yule aliyekuwa akilinda geti kwa utulivu amebadilishiwa amri na sasa anampiga virungu mgeni aliyekuja na chakula.

La tatu ni kwamba wagonjwa wasio na udugu wowote walikutwa na kingamwili zinazofanana sana dhidi ya protini moja ya karanga iitwayo Ara h 2. Hilo linatupa matumaini kwamba siku moja dawa moja inaweza kuwafaa watu wengi.

Ni utafiti wa watu 19 na wa karanga peke yake, tusiufanye mkubwa kuliko ulivyo. Lakini umetuonyesha pa kuangalia.

Kwa nini damu ni nusu ya habari

IgE iliyomo kwenye damu haikai. Ndani ya takriban siku mbili nusu yake huwa imeondoka. Ile iliyojichomeka kwenye seli masti hukaa kwa wiki nyingi. Kwa hiyo kipimo cha damu kinahesabu wasafiri walioko barabarani. Hakihesabu wakazi waliokwishafika nyumbani kwao, kwenye ngozi na kwenye utumbo.

Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na IgE ya karanga kwenye damu na akala karanga maisha yake yote bila tatizo. Wataalamu huita hali hiyo uhamasisho: mwili umekitambua chakula lakini haujakipiga vita. Na mara chache hutokea kinyume chake, damu ikawa kimya na mtoto akavimba kweli. Kipimo hiki kina faida kubwa pale daktari ameshasikia kisa: mtoto alikula yai, baada ya dakika kumi akavimba midomo. Hapo damu inathibitisha. Bila kisa, damu inabahatisha.

Kwetu Afrika kuna sababu nyingine ya kuwa makini, na haizungumzwi vya kutosha. Kabla ya kuwa kingamwili ya aleji, IgE ni silaha ya mwili dhidi ya minyoo. Mtoto anayeishi kwenye maeneo ya minyoo au kichocho anaweza kuwa na IgE nyingi bila aleji yoyote. Watafiti waliwapima watoto wa shule nchini Ghana na kukuta wengi wana IgE ya karanga kwenye damu, lakini karanga iliponing'inizwa kwa sindano ndogo juu ya ngozi zao, ngozi za wengi hazikujibu, nao walikuwa wakila karanga kama kawaida. Walipochunguza zaidi, matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba IgE hizo zililenga aina ya sukari iliyoshikamana na protini za karanga, na sukari kama hiyo ipo pia kwenye mayai ya minyoo ya kichocho. Mwili ulikuwa ukipigana na kichocho, mashine ikaandika karanga.

Fikiria sasa mtoto wa kando ya Ziwa Victoria, au wa vijiji vya mashamba ya mpunga, ambako kichocho si hadithi. Anapimwa damu, anatoka na alama ya kujumlisha kwenye karanga, na nyumbani uji wake unakosa karanga. Hapo ugonjwa ulikuwa mmoja na tumeutibu mwingine.

Niongeze neno kuhusu kipimo kingine kinachouzwa, cha IgG ya vyakula, ambacho huja na orodha ndefu zaidi. IgG ya chakula ni alama kwamba umekila chakula hicho. Chama cha wataalamu wa aleji wa Ulaya kilisema wazi mwaka 2008 kwamba kipimo hicho hakifai kutambua aleji ya chakula. Hifadhi fedha yako, mzazi mwenzangu, ununue mayai.

Na yule ambaye akinywa maziwa tumbo hujaa gesi na kuharisha, lakini havimbi wala hatoki mabaka, mara nyingi hana aleji kabisa. Utumbo wake umepungukiwa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, jambo la kawaida sana kwa watu wazima wa Afrika. IgE haihusiki hapo. Wengi wa aina hii humudu mtindi au maziwa ya mgando.

Tumbo hilo hilo hufundishwa amani

Ikiwa kiwanda kiko tumboni, mzazi anaweza kudhani kwamba dawa ni kukinyima malighafi. Kwa muda mrefu hata madaktari walidhani hivyo. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri watoto wenye hatari ya aleji wasipewe karanga mpaka wafikishe miaka mitatu. Aleji ya karanga haikupungua. Mwaka 2008 ushauri huo ukaondolewa.

Mwaka huo huo wa 2008, Gideon Lack na wenzake wa London walilinganisha watoto wa Kiyahudi wanaoishi Uingereza na wale wanaoishi Israeli. Asili ni moja, lakini aleji ya karanga ilikuwa karibu mara kumi zaidi kwa wale wa Uingereza. Tofauti iliyojitokeza ilikuwa kwenye sahani: watoto wa Israeli walipewa vitafunwa vya karanga wakiwa bado wachanga, wa Uingereza walifichwa karanga.

Lack akaamua kulijaribu. Walichukuliwa watoto 640 wa kati ya miezi minne na kumi na moja, wote wakiwa na pumu kali ya ngozi au aleji ya yai. Nusu waliambiwa waepuke karanga, nusu wale karanga kila wiki kwa namna salama kwa umri wao. Walipofika miaka mitano, kwenye kundi lililoepuka watoto 17 kati ya 100 walikuwa na aleji ya karanga. Kwenye kundi lililokula walikuwa watatu tu kati ya 100. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2015 na yakabadilisha miongozo duniani.

Maelezo yake yanaendana na yale ya kiwanda. Chakula kinachoingia kwa mdomo mapema, kidogo kidogo na mara kwa mara, huufundisha utumbo kwamba huyu ni mgeni wa heri. Protini ile ile ikiingia kwa njia ya ngozi iliyopasuka kwa pumu ya ngozi, kutoka kwenye vumbi la nyumbani, mikono au mafuta ya kupaka, huufundisha mwili kwamba huyu ni mvamizi. Kwa hiyo ngozi ya mtoto itibiwe mapema na ilainishwe vizuri, na chakula kiingie mdomoni, kisipakwe kwenye ngozi yenye vidonda.

Bibi zetu waliotia karanga zilizosagwa kwenye uji wa mtoto hawakujua habari za IgE. Walikuwa wakiulisha utumbo somo sahihi.

Hapa ndipo ninapomuonea huruma zaidi mama wa karatasi ile. Kumwondolea mtoto vyakula saba kuna hasara ya kwanza inayoonekana kwenye mizani: bila yai, maziwa, samaki na karanga, nyumba nyingi hubaki na wanga mtupu, na mtoto wa miaka miwili hawezi kukua kwa wanga. Hasara ya pili haionekani. Utumbo uliokuwa umefanya amani na yai unaweza kuisahau amani hiyo. Madaktari wa aleji wameona watoto wenye pumu ya ngozi waliokuwa wakila chakula fulani bila shida, wakaachishwa kwa sababu ya kipimo, na waliporudishiwa baada ya muda mrefu wakapata shambulio la kweli.

Kwa sababu hiyo sikumwambia mama huyo ampe mwanawe yai usiku ule ule. Nilimwambia aende kwa daktari wa watoto, na chakula kirudishwe hospitalini, kimoja kimoja, kwa kiasi kinachopanda taratibu, dawa ya dharura ikiwa mezani. Hicho ndicho kipimo kinachoaminika kuliko vyote: kulishwa chakula chenyewe chini ya uangalizi. Kinahitaji muda na daktari makini, hakihitaji mashine ya gharama.

Wasiseme kwetu haipo

Wapo watakaosoma hadi hapa na kuhitimisha kwamba aleji ya chakula ni ugonjwa wa Wazungu. Hapana. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2019 uliwapima watoto wadogo kwa njia hiyo ya kuwalisha chakula chenyewe. Jijini Cape Town asilimia 2.5 walikuwa na aleji ya kweli, na vijijini katika jimbo la Eastern Cape asilimia 0.5. Yai liliongoza. Mji ulikuwa na mara tano ya kijiji, na sisi tunahamia mijini kila mwaka.

Mtoto aliyevimba midomo, akatoka mabaka au kutapika mfululizo muda mfupi baada ya kula chakula fulani, huyo usimjaribu nyumbani tena. Epuka chakula hicho mpaka aonwe na daktari. Na ikiwa mabaka yanaambatana na kukohoa, kukoroma kifuani, sauti kukauka, kizunguzungu au kulegea, hiyo ni dharura inayoweza kuua kwa dakika chache.

Dawa yake ya kwanza ni adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, isizidi miligramu 0.3 kwa mtoto na 0.5 kwa mtu mzima. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ni dawa ya bei ndogo. Cetirizini, piritoni na dawa za jamii hiyo huzuia histamini na kupunguza kuwasha, lakini hazifungui koo lililovimba wala hazipandishi shinikizo la damu lililoanguka. Haidrokotisoni nayo huchukua saa kadhaa. Anayeanza na hizo na kuiacha adrenalini kabatini anapoteza muda ambao mtoto hana.

Wakati mkielekea hospitali, mlaze mtoto chali na miguu iinuliwe. Akiwa anapumua kwa shida, aketi. Asisimamishwe ghafla wala kutembezwa. Hata akipata nafuu abaki hospitalini kwa saa kadhaa, kwa sababu shambulio linaweza kurudi.

Zipo pia habari njema. Watoto wengi wenye aleji ya maziwa na yai hupona wanapokua. Wa karanga wanaopona ni takriban mmoja kati ya watano. Mwezi Februari 2024 Marekani iliidhinisha omalizumabu, sindano inayoikamata IgE kabla haijajichomeka kwenye seli, kwa watu wenye aleji ya chakula kuanzia umri wa mwaka mmoja. Inapunguza ukali pale mtu anapokula chakula hicho kwa bahati mbaya, haimruhusu kukila apendavyo, na bei yake bado iko mbali na mifuko yetu. Lakini ni dalili kwamba ukijua kiwanda kilipo na bidhaa yake ni ipi, unaweza kuisimamisha njiani.

Ninachoomba

Kwa wenye maabara naomba wasiuze orodha ya IgE ya vyakula kwa mtu asiye na maelezo ya daktari. Namba isiyo na kisa ni biashara, si tiba.

Kwa wauguzi na waganga wa zahanati naomba adrenalini iwe mahali ambapo mkono unafika, na kiasi cha dozi kwa kila uzito kibandikwe ukutani, ili usiku wa manane mtu asianze kupiga hesabu.

Kwako mzazi, naomba mambo matatu. Mtoto akitimiza miezi sita na kuanza chakula, mpe yai lililoiva vizuri, samaki, na karanga zilizosagwa laini kwenye uji, kamwe si karanga nzima maana zitampalia. Kama ana pumu kali ya ngozi au aliwahi kuvimba kwa chakula, muone daktari kwanza. La pili, kabla ya kukubali kipimo chochote cha aleji, andika kwenye daftari: alikula nini, saa ngapi, dalili gani, zilianza baada ya dakika ngapi. Ukurasa huo una thamani kuliko orodha ya vyakula thelathini. La tatu, ukiambiwa uondoe chakula, uliza maswali mawili: kwa muda gani, na nibadilishe na nini? Anayekuondolea yai bila kukupa jibu la pili hajamaliza kazi yake.

Mama yule aliniandikia tena baada ya wiki sita. Yai, maziwa, samaki na ngano vimesharudi, kimoja baada ya kingine, bila hata baka moja. Karanga ni zamu ya mwezi ujao. Ngozi ya viwiko imetulia kwa mafuta ya kulainisha na dawa ya kupaka. Kilo moja kati ya zile zilizopotea imerudi.

Karatasi anayo bado. Ameniambia nyuma yake ndipo anapoandikia uzito wa mtoto kila mwezi.

Tukutane wiki ijayo.